Maombi ya Kurasa Nne

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko chuoni? Mimi mzima, ila shingo. Daktari anasema uvimbe lazima utolewe, na sauti inaweza kwenda nao. Hebu fikiria, mimi ninayeombea kanisa zima kila Jumapili mpaka wenye njaa wanaanza kukohoa! Nilicheka, kisha nikakaa kwenye cherehani nikalia. Tangu baba yako atutoke, sauti ninayoisikia humu ndani ni yangu tu. Wewe unasomea mambo ya Mungu. Niandikie maombi niende nayo hospitali.

Mama yako

12 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pole sana na shingo. Mimi sijambo, ingawa bweni ni tupu, wenzangu wameenda likizo. Nimekuandikia kurasa nne: kwa nini tunamwomba Mungu anayejua tayari, na imani ni nini pale jibu linapochelewa. Zisome polepole, nimepima kila neno.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Salamu kutoka wodini. Kesho asubuhi napasuliwa. Kurasa zako nimezisoma zote, na kwa ule ukurasa wa pili tungebishana, maana kichwa changu nacho hakijalala. Lakini nilikuomba maombi, mwanangu, ukaniletea mhadhara. Muuguzi ameuliza kama ni barua ya wakili. Nilitaka kukusikia wewe ukiniombea. Kwani siku hizi huombi?

Mama yako

11 Aprili

Mwanangu,

Hujajibu, natumaini u mzima. Nimerudi nyumbani. Kidonda kinapona, sauti imekwenda. Watu wa kanisani walikuja wakaomba kwa zamu, mimi nikaitikia amina kwa kichwa. Walipoondoka nikapiga magoti, na hakikusikika kitu. Sasa sijui kama naomba au nawaza tu. Wewe mwenye elimu, hivi kuna tofauti? Safari hii nieleze, hata kwa kurasa kumi. Naogopa kwamba nilichokuwa nakipenda miaka yote ni sauti yangu.

Mama yako

18 Aprili

Mama,

Shikamoo, na pole tena. Sikujibu kwa sababu swali lako la wodini lilinigusa pabaya. Siombi, mama. Kila nikianza, akili inasahihisha: hili halina msingi, lile umelikariri. Huko kimyani ulikoingia ndiko ninakoishi mwaka wa pili huu. Kurasa kumi nimejaribu, nikazichana. Nimebaki na haya tu:

Bwana, mama yangu hana sauti na anaogopa. Mimi ninayo, na naogopa vilevile. Usituache.

Mwalimu wangu angeyarudisha, hayana hoja hata moja. Lakini niliyasema kwa sauti, peke yangu chumbani, na sikuyasahihisha. Naja Jumamosi. Tutapiga magoti wote wawili, wewe uwaze, mimi niseme.

Mwanao