Anayepimwa Haitiki

Bibi yangu,

Assalaam alaykum. Wewe wanijua: mdomoni maneno yananikwama, mkononi yanatiririka. Skuli nasoma sayansi kwa Kiingereza na sifanyi vibaya, ila barua hii nilishindwa hata kuianza kwa lugha ile. Wewe sikujui kwa Kiingereza.

Nna habari ya furaha. Mumeo, mdogo wangu Nasri, ni mzima.

Ngoja nikueleze. Manesi walikwenda skulini kwao kupima watoto, Nasri akarudi na ujumbe: presha iko juu kidogo, apelekwe kituo cha afya akapimwe tena. Mama akakaa chini palepale ukumbini. Tangu presha ikuchukue wewe, neno hilo kwetu Mpendae halitajwi. "Mtoto wa miaka saba," akawa anasema, "presha ya nini? Kairithi kwa mama yangu?"

Kituoni nesi alikuwa dada mpole. Akatoa mkanda mdogo, akatwambia ule wa watu wazima ukifungwa kwenye mkono wa mtoto unadanganya. Akamkalisha Nasri, mgongo kitini, miguu juu ya kibao, mkono mezani, akamwacha atulie kwanza. Kisha akabonyeza mashine, akageuka kumpokea mgonjwa mwengine.

Mama, na hofu yake, hakuweza kunyamaza.

"Nasri!"

"Naam, Mama."

"Umetulia, baba?"

"Naam."

"Usiogope."

"Siogopi, Mama."

Akapita bi mmoja mlangoni, Nasri akamwamkia: "Shikamoo!" Mtoto huyo umemlea wewe, Bibi. Hata usingizini akiitwa anaitika. Namba zikatoka juu tena, Mama akaanza kujifuta macho kwa ncha ya buibui.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Ijumaa baada ya chakula, nyumbani kwako Mji Mkongwe, umejifunga mkanda wa mashine yako, nasi twakuita makusudi: "Bibi! Halua imekuja!" Wewe kimya, macho mbele. Ukishavua ndipo unatugombeza: "Hamna adabu! Anayepimwa haitiki, hata aite nani." Kisha zamu ya Nasri, ya mchezo tu, mashine haijawashwa. Unamchokoza: "Mume wangu! Ndio ushaniacha?" Naye kafumba mdomo mpaka mashavu yamemvimba.

Mimi mbele za watu hata kuomba maji siwezi. Lakini nikasema: "Mama, usimwite. Akiitwa anaitika."

Chumba kizima kikanigeukia. Nesi akacheka, si kwa kunicheka. Akasema ni kweli, kuzungumza kunaipandisha, basi apumzike tuanze upya. Nikamwinamia Nasri sikioni: "Mchezo wa Bibi."

Mashine ikaanza kuvuma. Mama akasahau: "Nasri!"

Kimya. Macho mbele.

Bibi, laiti ungemwona! Namba zikashuka, zikakaa pale zinapotakiwa kwa mtoto wa umri wake na kimo chake. Nesi akatutaka turudi siku nyengine, asije akaamini kipimo kimoja. Tukarudi, na tukarudi tena. Mzima. Mama kanunua urojo wa watu wote nyumbani, na jirani.

Jana tulikuja kwako kufungua madirisha. Nasri akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba chako, akagonga kama zamani: "Hodi, mke wangu!"

Akatega sikio. Mama akanitazama, mimi nikatazama sakafu. Nasri akatugeukia, kidole mdomoni: "Nyamazeni. Anapimwa."

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Nilikuwa nshakisahau kicheko chake. Kinafanana na chako.

Basi pumzika, Bibi. Mwenyezi Mungu akupe huko nyumba pana yenye upepo mzuri. Mashine yako nimeichukua mimi, na kila Ijumaa nitampima Mama, maana yeye ndiye hasa wa kuangaliwa. Akizungumza, nitamnyamazisha. Naam, mimi.

Na nitaendelea kukuita. Usijali kuitika.

Mjukuu wako,
Ruwaida