Fomu ya Maktaba na Dole la Mama

Jumanne, saa nane na nusu mchana. Upepo ulianza kabla jua halijatoka na mpaka sasa haujachoka. Mlango nimeufunga, chini nimeziba kwa tambara, na bado vumbi limeingia kwenye uji wa Imani.

Imani amelala. Ana miezi tisa, ana mafua, na akilala ndipo vidole vyangu vinakuwa vyangu. Naandika kwa ile simu yenye kioo kilichopasuka, kwa hiyo herufi zikiruka mnisamehe, ninyi wachache mnaopita hapa.

Leo sina la kuzunguka. Nimebanwa.

Sipigwi, sinyimwi chakula. Mama mkwe wangu ananipakulia nyama kubwa kuliko yake. Ni kwamba kutoka mlangoni hadi chooni ni hatua ishirini na mbili, na hizo ndizo safari zangu. Tangu nijifungue, barabara ya lami nimeivuka kwenda kliniki tu, na mara moja kanisani. Mama anasema mtoto mchanga hatembezwi kwenye upepo. Na upepo wa Dodoma, mnaoujua mnaujua, hauna siku ya mapumziko.

Mume wangu Elia ni kibarua wa ujenzi kule Msalato. Anakuja Jumamosi jioni, Jumapili anaondoka. Hapa Nzuguni tunabaki wanawake wanne: mama, wifi yangu Tabitha wa kidato cha tatu, mimi na Imani. Mama na Tabitha wakiwa wawili wanaongea Kisandawe, lugha ya kwao Chemba, ile inayogonga ulimi mdomoni kama mtu anapasua karanga. Mimi ni Mgogo wa Kongwa, sijui hata neno la kuomba chumvi. Wakicheka, nami nacheka. Halafu naona aibu, maana huenda ni mimi niliyekuwa nachekwa.

Kwenye kitabu naelewa kila neno. Ndiyo maana navipenda, hakuna siri nyingine.

Shule niliacha kidato cha pili, mama yangu mzazi alipougua. Sikufeli, niliacha. Napenda watu walijue hilo, sijui kwa nini.

Tabitha ana kadi ya maktaba ya mjini, yenye mhuri wa shule yake. Analeta kitabu, anakisoma jioni, na asubuhi akishika njia nakichukua mimi. Nasoma nikinyonyesha, nasoma nikisubiri maharage. Basi wiki mbili zilizopita akarudi na karatasi aliyoinakili kwenye ubao wa maktaba, kaipamba kwa kalamu za rangi: vitabu vipya wanavyopendekeza. Safu ya kushoto watu wazima, ya kulia vijana. Chini ya kila kitabu mkutubi kaweka maneno yake, kama jirani anayekusimulia.

Kwa watu wazima kuna kitabu cha mwanamke aliyefungua karakana ya redio, mkutubi kaandika "usikianze kama una chungu jikoni." Kuna cha ufugaji wa kuku. Kuna kimoja cha haki za mjane kwenye shamba, "kwa lugha nyepesi." Hicho nilikipita haraka. Nilikiona kikavu.

Kwa vijana kuna cha msichana anayeuza dukani kwa shangazi yake. Ameitwa chuo cha ufundi, shangazi kaificha barua. Huyo ndiye ambaye Tabitha alimleta nyumbani, nami nikamsoma mpaka ukurasa wa sitini na moja. Ameikuta barua chini ya mzani. Amesimama nayo mlangoni, hajajua atoke au arudi ndani.

Leo asubuhi Tabitha amekirudisha. Siku za kuazima zilikuwa zimekwisha.

Na kijana, imeandikwa pale, ni miaka kumi na tatu mpaka kumi na tisa. Mimi nimetimiza ishirini mwezi uliopita. Nilikaa nikaitazama ile karatasi, safu mbili, nikajiuliza mimi nakaa wapi. Mtu mzima nikiwa na mtoto mgongoni. Msichana nikiwa ukurasa wa sitini na moja.

Jumatatu Tabitha anahamia bweni. Anaondoka na kadi yake, na nyumba hii itabaki na Biblia, kitabu cha kliniki na kalenda ya duka la mbegu. Nisipopata kadi yangu mwenyewe wiki hii, sioni nitaipata lini.

Nilimwomba aniletee fomu. Kwa mtu asiye na kazi ya ofisi wala shule, mdhamini ni mwenye nyumba anayokaa: jina kamili, na saini au dole. Nyumba ni ya mama. Nikampigia Elia.

"Muulize mama."

Nikamuuliza mama.

"Muulize mumeo."

Nimezungushwa hivyo siku sita jamani, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Siku ya saba nikajaza mwenyewe. Penye jina la mdhamini nikaandika Mama Elia, nikampa Tabitha aipeleke. Ikarudi imezungushiwa wino mwekundu mahali pawili.

"Wifi," Tabitha alisema akijishika mbavu, "Mama Elia ndiyo jina kamili? Sasa dole ungeweka la nani, la jogoo?"

Acheke tu. Majina ya mama nayajua, yeye mwenyewe aliwahi kuninong'oneza. Lakini mimi nimelelewa kwamba jina la mkwe halitoki mdomoni mwako. Nilishika kalamu, mkono ukakataa. Fomu nikaisukuma chini ya godoro.

Leo asubuhi, Imani akaivuta.

Nilikuwa naanua nguo kabla upepo haujazipeleka kwa majirani. Kurudi ndani, mama ameacha kubangua karanga, anaitoa karatasi kinywani mwa mjukuu wake. Kona moja imeliwa.

"Nyekundu hii ya nini?"

"Ya maktaba, mama. Panatakiwa dole."

"La nani?"

"Lako."

Akalitazama dole gumba lake la kulia kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Dole hili lilikula shamba," akasema.

Ndipo akanisimulia. Baba Elia alipofariki, mdogo wake alikuja na karatasi. Ni ya mahindi ya msaada, shemeji, weka dole watoto wapate kula. Akasoma kwa sauti, vizuri kabisa. Mama akaweka. Mahindi hayakuja, akaja mtu na kamba ya kupimia. Nusu ya shamba ilikuwa imekwenda. Pale sasa pana nyumba ya ghorofa yenye bati la bluu, ile inayoonekana dirishani kwetu.

Miaka miwili nimekaa hapa nikishangaa kwa nini mama hukaa daima ameligeuzia dirisha mgongo. Nilidhani ni jua.

"Nisomee," akaniambia.

Nikasoma. Mwombaji atatunza kitabu, hatakunja kurasa, atakirudisha baada ya wiki mbili. Mwanachama mpya anaanza na kitabu kimoja. Nilipofika penye jina nikanyamaza, naye akasema endelea, kama ameelewa. Mdhamini anathibitisha kwamba mwombaji anaishi nyumbani kwake.

"Anathibitisha tu? Nyumba haisogei?"

"Haisogei, mama."

"Geuza. Ile ya mahindi nayo ilikuwa na nyuma."

Nikageuza. Nyuma pana masharti matatu. La kwanza, kadi haiazimishwi kwa mtu. La pili, akihama atoe taarifa. La tatu linasema kitabu kikipotea, mdhamini ndiye atakayeitwa kujibu.

Nilisoma mawili.

Sijui nini kilinishika. Nilimwona yule msichana mlangoni na barua yake, nikaona sharti la tatu litamfungia. Nikaikunja karatasi.

"Ndiyo hivyo tu, mama."

Akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Tabitha akirudi naye atanisomea. Mkisoma tofauti, naitia jikoni."

Tabitha anarudi saa kumi. Sasa inakaribia saa tisa.

Mnaona nilivyobanwa. Nikikaa kimya, Tabitha atasoma matatu na mimi nitakuwa shemeji wa mahindi. Nikimvizia Tabitha njiani nimwombe aruke, tutakuwa wawili. Nikisema, fomu inaungua, na Jumatatu kadi ya mwisho ya nyumba hii inakwenda bweni.

Huyu mama alinikanda kwa maji ya moto siku arobaini. Alikuwa akimbeba Imani usiku ili nilale. Nami nimemsomea karatasi nusu.

Naweka simu chini. Naenda kumwambia.

*

Saa kumi na moja. Upepo umepungua kidogo. Imani yuko pajani, anavuta waya wa chaji.

Nilimkuta mama palepale na ungo wake. Nikapiga magoti kama ninapomwamkia asubuhi, nikasema, "Mama, nyuma kuna mstari niliuruka."

Hakuacha kubangua. "Najua."

"Unajua?"

"Mimi sijui kusoma karatasi. Macho ya mtu najua. Yako yaliruka kama ya yule bwana." Akatupa maganda. "Nilikuwa nakungojea. Yule sijamwona mpaka leo."

Nililia. Siyo kwa heshima, nililia kwa makamasi. Akaniambia nifute uso nisije nikampa mtoto mafua mara ya pili, kisha nisome huo mstari. Nikausoma. Kitabu kikipotea, mdhamini ndiye atakayeitwa kujibu.

Akaendelea kubangua. Karanga tatu, nne.

"Wewe kitabu utakipoteza?"

"Hapana."

"Imani atakila?"

"Nitakiweka juu ya kabati, mama."

"Basi wakiniita nitakwenda. Kwani sina miguu?"

Tabitha akaingia vumbi tupu hadi kwenye nyusi, hajavua hata viatu akapewa fomu. Alisoma mbele, akageuza, akasoma nyuma, halafu akakunja uso. "Mama, hapa chini mbona wameandika mdhamini atoe na mbuzi wawili?" Roho yangu ilitoka ikarudi. Mama alimrushia konzi ya maganda, na wote wawili wakacheka, safari hii kwa lugha ninayoijua.

Kisha mama akasema, "Kalamu iko wapi?"

Akayataja mwenyewe majina yake matatu, polepole, moja moja, kama anayemkabidhi mtu mayai. La katikati ni la kwao, lina ile sauti ya kugonga. Nililijaribu akacheka mpaka akakohoa, akasema acha, andika tu. Nikaandika. Ni mara yangu ya kwanza kuandika jina la mkwe wangu, na nimeliandika kwa kuwa amelitoa kinywani mwake. Hapa kwenye blogu siliweki. Lipo kwenye fomu, linatosha.

Dole hajaweka.

Anasema dole lake haliwekwi tena nyumbani, mbele ya watu wanaocheka. Kesho asubuhi atalipeleka mwenyewe, aliweke mbele ya huyo mwenye vitabu, akimtazama machoni. Imani atambeba yeye. Upepo je? Nimeuliza. Akaniambia mtoto atafunikwa, kwani kanga zimekwisha Dodoma? Miezi tisa nangoja neno hilo, na limetoka kama mtu anayesema pitisha chumvi. Kitenge chake cha kanisani kiko kwenye kamba sasa hivi, kimebanwa kwa vibanio vinne.

Ningeishia hapo ningekuwa nimemaliza vizuri. Lakini wakati anaingia ndani alisimama.

"Kwenye ile karatasi ya rangi ya Tabitha, kile cha mjane na shamba, kipo kweli?"

"Kipo, mama."

"Kinaeleza mpaka mwisho? Hata kama ni zamani?"

"Sijui. Mpaka tukisome."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Hakuomba. Mama haombi.

Kitabu kimoja cha kuanzia, ndiyo sheria. Nimekaa na karatasi ya Tabitha pajani, Imani akiipigapiga. Kulia msichana wangu, ukurasa wa sitini na moja. Kushoto kile nilichokiita kikavu. Ninavyomtamani yule msichana, Mungu anajua. Nataka kujua kama alitoka.

Ila yeye ana barua mkononi na anajua kuisoma. Mama amekaa na mgongo dirishani miaka yote hii kwa sababu ya karatasi isiyosomwa nyuma.

Nitachukua cha mjane. Nitamsomea mbele na nyuma, mpaka jina la kiwanda kilichokichapa. Msichana atanisubiri hapo mlangoni wiki mbili, na nadhani ataelewa.

Nakwenda kuanua kitenge kabla hakijaingia vumbi. Kesho tunatoka asubuhi, sote watatu.