Daftari la Alhamisi

Kitengela,
Jumapili, 3 Agosti 2003

Kwa Baba mpendwa,

Nainamisha kichwa unishike kwa salamu, kama vile niko hapo mlangoni. Uko aje, Baba? Na mama yangu Yeyo, mgongo umepoa? Ng'ombe je? Hapa sote wazima. Mwalimu Nelima anakusalimu sana. Bado ananiwekea dawa yangu kwa friji yake, rafu ya chini, na amekataza watoto wake hata kuiangalia.

Alhamisi nilienda kliniki ya sukari Kajiado. Ile mashine waliyonipa mwezi wa tano inafanya kazi vizuri. Nachoma kidole, natoa tone moja la damu, nangoja kidogo, namba inatokea. Tangu niugue nikiwa darasa la tano sijawahi kujua sukari yangu iko wapi mpaka nianguke. Sasa najua. Leo asubuhi nilikuwa saba. Sista Mugure, nesi wa kliniki, anasema saba ni kama kupata A kwa mtihani.

Alituambia pia kwamba huko ng'ambo kuna kimashine cha kuvaa tumboni. Kisindano kinakaa ndani ya ngozi siku tatu, kinapima chenyewe mchana na usiku, na kuna serikali ambazo zimeanza kujadili kuwalipia wagonjwa wao. Tulicheka sana. Mzee mmoja wa Kisaju akauliza, "Na yetu itatuvalisha lini?" Sista akamjibu, "Wewe shukuru hivi vijikaratasi kwanza." Maana mashine bila vile vijikaratasi vya kupimia ni kopo tu. Serikali inawalipia wagonjwa ishirini, wakaaji wa wilaya hii peke yake, na lazima mgonjwa afike mwenyewe Alhamisi moja kila wiki mbili aweke sahihi kwenye daftari. Ukikosa mara mbili, nafasi inaenda kwa mwingine.

Sasa Baba, barua ya chuo cha ualimu imefika? Siku ya mahojiano hawakutuambia tutapelekwa chuo gani. Niliandika sanduku la posta la kanisa hapo Bisil, kwa hivyo itapitia kwako. Tafadhali niulizie kwa pasta.

Binti yako,
Naipanoi


Bisil,
17/8/2003

Kwa mtoto wangu Naipanoi,

Supa, nakusalimu. Mimi ni mzima. Yeyo ni mzima, mgongo unauma lakini anakama ng'ombe kama kawaida. Mvua hakuna. Salimia Mwalimu Nelima. Mwambie sijasahau ni yeye alikufundisha kusoma hapa Bisil kabla ahamishwe, na sasa amekuchukua tena.

Barua yako nimesoma peke yangu. Mwalimu wetu wa kisomo cha ngumbaru hakunisaidia hata neno moja.

Barua ya chuo haijafika. Nimeuliza.

Hiyo mashine ushike vizuri. Usikose Alhamisi hata moja.

Ni mimi Baba yako,
Leshan ole Kisemei


Kitengela,
Jumapili, 7 Septemba 2003

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu na kuinamisha kichwa. Natumaini wewe na Yeyo mko salama. Mimi mwili uko sawa. Moyo ndio sijui.

Musila, yule kijana tulikaa naye benchi moja siku ya mahojiano, amesharipoti chuoni. Wasichana wawili tuliosoma nao pia wameenda. Baba, mimi nilipata alama nyingi kuliko Musila. Mwenyewe alikubali. Uliza pasta tena, pengine barua iliingia kwa magazeti ya kanisa.

Nimechoka kungoja. Asubuhi nasaidia darasa la nasari shuleni kwa Mwalimu Nelima. Nafuta makamasi, naimba a-e-i-o-u, narudi nyumbani, napima, najidunga, nalala. Dada yake Mwalimu alikuwa na harusi Webuye wiki nzima, wakanialika. Sikwenda, Alhamisi ya daftari ilikuwa katikati. Niko kama ndama aliyefungwa karibu na boma. Kamba yangu inafika Kajiado halafu inanivuta nirudi.

Usidhani sishukuru. Nashukuru. Lakini nikifungua dirisha hapa naona ploti za watu na nguzo za waya, nahesabu ni Alhamisi ngapi mpaka niwe mzee.

Binti yako,
Naipanoi


Bisil,
21/9/2003

Kwa mtoto wangu,

Supa. Sisi wazima. Soko la Jumatatu halikuwa mbaya. Ile ng'ombe ya pembe moja imezaa dume.

Barua hakuna. Usisumbue moyo. Na hata kama wangekuita, Bungoma ni mbali sana. Hatuko na mtu huko. Nani atajua kama umelala ama umezimia? Kaa hapo na mashine yako. Mwaka mwingine utakuja.

Baba yako,
Leshan


Kitengela,
Jumapili, 28 Septemba 2003

Baba,

Bungoma umeitoa wapi?

Mimi sikukutajia Bungoma. Mimi mwenyewe sikujua.

Naipanoi


Bisil,
12/10/2003

Entito ai, msichana wangu,

Nakusalimu. Najua hutaitikia.

Barua ilifika tarehe nane mwezi wa nane. Pasta aliniwekea mkononi. Niliisoma pale nje ya kanisa, nikaisoma tena nyumbani. Tangu nianze ngumbaru sijawahi kusoma karatasi ya serikali mpaka mwisho, na ya kwanza ilikuwa hiyo. Chuo cha ualimu, Bungoma, ripoti tarehe moja Septemba. Niliweka kwa sanduku la bati chini ya shuka zangu. Yeyo hakujua. Nimemwambia leo na hajaniongelesha tena.

Nitakuambia kwa nini, halafu utafanya unavyotaka. Ulipokuwa kidato cha pili niliitwa shuleni kwenu. Ulianguka jioni, matroni akasema unajifanya mgonjwa, hutaki kufua. Ulilala hapo mpaka kesho yake. Nilikukuta hospitali. Nilikaa na wewe siku tatu, macho yako yamefunguka na ndani hakuna mtu. Nilikuita jina, nikaita jina la nyanya yako, nikaita hata ng'ombe zetu moja moja kwa sababu ulikuwa unazipenda. Siku ya tatu ukasema "maji." Daktari akaniambia kama mtu angepima sukari yako ile jioni, ingekuwa kazi ya dakika tano tu.

Sasa serikali imekupa hiyo mashine hapa, na barua inasema uende mahali hawatakupa vijikaratasi. Mimi nilichagua. Nilijua si mimi wa kuchagua, lakini nilichagua.

Barua yako iko ndani ya hii bahasha. Nisamehe.

Baba yako


Bisil,
30/11/2003

Kwa mtoto wangu Naipanoi,

Nakusalimu wewe na Mwalimu Nelima. Sisi wazima, Yeyo anasema mgongo.

Nilikuja Kitengela Jumamosi ya jana. Mwalimu alinipikia chai akasema umetoka. Nilikunywa chai. Nilisikia ukikohoa nyuma ya pazia. Nilikunywa polepole ndio nisikie tena.

Ni hiyo tu. Mvua imeanza huku.

Baba yako


Bisil,
18/1/2004

Kwa Naipanoi,

Mwaka mpya mwema. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kama hutaki kuandika maneno, andika namba tu. Ile ya asubuhi.

Baba yako


Kitengela,
Jumapili, 8 Februari 2004

Baba,

Natumaini uko mzima. Msalimie Yeyo.

Sikuandika kwa sababu kila nikianza naandika kitu ambacho mtoto hafai kumwandikia baba yake. Hata leo bado. Lakini ni vizuri ujue.

Alhamisi tulifika kliniki tukakuta daftari limefungwa. Sista Mugure alisimama mlangoni. Alisema pesa za ule mpango zilikuwa za mwaka jana tu, zimeisha, hakuna vijikaratasi na hajui vitarudi lini. Yule mzee wa Kisaju akamuuliza, "Kwa hivyo tangu leo sisi hatuugui?" Sista akalia mbele yetu.

Niko na vijikaratasi sita. Nimevifunga kwa leso. Jana nilihisi kutetemeka, nikatoa kimoja, nikakirudisha. Nikanywa chai ya sukari bila kujua kama naihitaji ama najiua.

Unaona, Baba? Uliniweka hapa kwa sababu ya vijikaratasi. Chuo sina, vijikaratasi sina, na bado niko hapa. Niliandikia chuo kuwaeleza. Walijibu kwa upole kwamba nafasi yangu imechukuliwa, niombe tena. Nimeomba tena. Safari hii nimeandika sanduku la Mwalimu Nelima.

Naipanoi


Bisil,
14/3/2004

Kwa mtoto wangu,

Nakusalimu, na Yeyo anakusalimu. Ameanza kuniongelesha, lakini ni mambo ya maji na kuni tu.

Baada ya barua yako nilienda Kajiado. Niliambiwa nije Jumatatu. Jumatatu nikaambiwa mkubwa ako mkutanoni. Nilirudi mara tano. Mara ya tano nilimpata yule mzee wa Kisaju, anaitwa Mutunga, na mama mmoja amebeba mtoto mwenye sukari kama yako. Tukakaa wote mlangoni, tukakataa kutoka.

Mkubwa akatoka akaniuliza, "Mzee, wewe ni mgonjwa?"

Nikamwambia ndiyo.

"Unaumwa nini?"

Nikasema, "Niko na mtoto."

Alitaka kucheka akaacha. Akatuingiza. Akatuambia kuna kikao cha bajeti ya wilaya mwezi huu, wananchi wanaruhusiwa kusikiliza. Tulienda. Walisoma barabara, wakasoma josho za ng'ombe, wakasoma malambo. Josho na lambo ni vitu nimeomba kwa serikali maisha yangu yote. Nikainua mkono. Nilisema mimi ni mfugaji wa Bisil, na kama lazima wakate mahali, wakate josho langu. Watu wangu wa Bisil waliokuwa hapo walinizomea. Mmoja ameacha kunisalimia mpaka leo.

Waliandika. Wamesema pengine mwezi wa saba. Niliuliza kama mzazi anaweza kuweka sahihi kwa niaba ya mtoto aliye mbali. Wakasema hapana, vijikaratasi ni vya mkaaji na lazima aje mwenyewe. Nilibishana mpaka wakaniitia askari.

Sijaweza kitu zaidi ya hapo.

Baba yako,
Leshan


Kitengela,
Jumapili, 22 Agosti 2004

Kwa Baba,

Nakusalimu, wewe na Yeyo. Natumaini ng'ombe wamevumilia ukavu.

Mambo mawili yalikuja wiki moja. Kliniki imefunguliwa tena na jina langu liko kwenye daftari, nambari nne. Na chuo kimeniita, Bungoma ileile, niripoti tarehe thelathini.

Sikulala vizuri siku kadhaa. Mwalimu Nelima aliniambia, "Mimi siwezi kukuambia nenda, siwezi kukuambia kaa. Mama yangu anaishi karibu na huko, anaweza kukuwekea mtungi wa maji baridi wa dawa yako. Zaidi ya hapo ni wewe." Nilimwambia Sista Mugure anipe vijikaratasi vya muhula mzima. Alisema akinipa, watu kumi na tisa watauliza, na aliyemtangulia alifutwa kazi kwa kitu kidogo kuliko hicho.

Alhamisi nilipanga foleni kama kawaida. Zamu yangu ilipofika nilimwambia afute jina langu. Akakataa. Akanisukumia daftari na kalamu, akageuka kuangalia ukuta. Nilijifuta mwenyewe, Baba. Nafasi yangu imeenda kwa mtoto wa yule mama uliyekaa naye mlangoni.

Vile ulivyofanya kule kikaoni nilielezwa pia na Mzee Mutunga. Alisema ulizomewa ukaendelea kusimama.

Usijaribu kunizuia. Nakuomba.

Naipanoi


Bisil,
26/8/2004

Entito ai,

Nakusalimu. Barua yako imefika leo na hii nampa Dalmas wa lori la ng'ombe aikimbize Kitengela kabla uondoke.

Nimeandika "usiende" mara tatu na nimechoma zote tatu kwa moto wa Yeyo. Yeye ndiye alinipa karatasi ya nne.

Nenda.

Baba yako


Bungoma,
Jumapili, 17 Oktoba 2004

Kwa Baba na Yeyo,

Nainamisha kichwa mnishike wote wawili. Hamjambo? Mimi niko. Huku mvua inanyesha kila jioni saa kumi, na nyasi zimejaa kila mahali mpaka nakasirika nikifikiria ng'ombe wetu.

Nitawaambia ukweli wote, ndio msiusikie kwa mwingine. Wiki ya pili nilianguka. Ilikuwa darasani, somo la hesabu. Siku ya kwanza nilikuwa nimesimama juu ya kitanda bwenini nikawaambia wasichana wote ugonjwa wangu, dalili zake, na mahali naweka sukari. Wengine walicheka. Lakini Sheryl, tunayelala naye kitanda cha juu na chini, aliandika kila kitu. Ndiye aliyenipaka glukosi kwenye ufizi. Nilipoamka nilimsikia akimgombeza mwalimu, "Usiseme apewe nafasi apumue, mpe soda!" Nilikaa zahanati siku moja.

Mkuu wa chuo aliniita. Nilijua ananirudisha nyumbani. Akaniuliza kama nataka kurudi. Nikasema sitaki. Akasema basi niende darasani.

Mashine iko kwenye begi, haina kazi. Napima mkojo kama zamani, na huo unasema ya jana, hausemi ya sasa. Kila nikichukua sindano nakisia. Kuna asubuhi naogopa kuteremka kitandani. Naogopa hata sasa nikiandika, Baba, kwa sababu herufi zinacheza kidogo na sijui ni sukari ama ni taa. Nimemwambia Sheryl akae karibu mpaka nimalize.

Lakini Ijumaa nilifundisha. Ilikuwa somo la majaribio, darasa la tatu, watoto hamsini na wawili, kugawanya. Kengele ilipolia hawakutoka.

Jumamosi tarehe sita Novemba ni siku ya wageni. Usije kunichukua. Njoo kunitembelea. Ukishuka stendi uliza njia ya chuoni, mtu yeyote atakuonyesha. Mlete Yeyo kama mgongo utakubali.

Binti yenu,
Naipanoi