Sita Iliyogongwa Tisa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: la kitambulisho analo afande, mjini kote naitwa Fundi Nyundo.
Umri: miaka 76.
Kazi: fundi bodi wa magari ya zamani, mwaka wa hamsini na mbili huu.
Makazi: chumba cha nyuma ya gereji yangu, mtaa wa maghala.

Mtuhumiwa ni mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee. Anafundisha hesabu. Hajawahi kuiba hata chaki.

Mnamo tarehe 11 mwezi huu, saa nne asubuhi, nilikuwa naye kwenye uwanja wa ukaguzi wa magari. Alipeleka gari la marehemu baba yake, la bluu, taa za mviringo, ili kadi iandikwe jina lake. Nilimsindikiza kwa sababu gari lile limepita mikononi mwangu, na nilitaka mkaguzi aone kazi.

Mkaguzi aliingia chini akakwangua rangi kwenye chesisi. Akasoma namba, akaitazama kadi. Kadi inaishia 4069. Chesisi inaishia 4099. Akasema, "Mwalimu, gari lako lina majina mawili." Mkwe wangu akacheka, akidhani ni utani. Mkaguzi hakucheka. Akaniuliza, "Mzee, hapa pamewahi kukatwa?" Nikamjibu, "Kijana, hiyo ni namba ya kiwandani. Hayo ni macho au matundu?" Akasema kama ni ya kiwandani, basi kadi ni ya gari jingine, na hili ni la wizi.

Saa tano na nusu mkwe wangu alipandishwa gari la polisi. Aliniambia tu, "Baba, mwambie mama watoto nitachelewa."

Afande, nilijua palepale rangi ilipokwanguliwa. Nikanyamaza.

Miaka ishirini na mbili iliyopita marehemu aliniletea gari hilo, chesisi imeliwa na kutu kama mkate ulioliwa na panya. Nilikata kipande chenye namba, nikachomelea kipya. Kiungo chake utakitafuta mpaka kesho usikione. Namba nikazigonga upya, marehemu akisoma kwenye kadi, mimi nikigonga. Shule niliiona kupitia dirishani. Namba nazijua kwa sura, kama ninavyowajua watu. Sasa, katika vyuma vyangu vya kugongea namba hakuna tisa. Sita na tisa ni chuma kimoja: ukikishika hivi ni sita, ukikigeuza ni tisa. Nilikuwa nimekitia doa la rangi kuonyesha upande wa juu. Siku hiyo doa lilikuwa limefutika. Nilipomaliza, marehemu aliinama ahakiki. Nikamwambia Fundi Nyundo hahakikiwi, nikapiga rangi juu yake.

Tarehe 13, saa moja asubuhi, binti yangu alikuja gereji. Hakuniamkia. Hilo halijawahi kutokea. Akajikwaa mlangoni, palepale anapojikwaa tangu akiwa msichana wa shule. "Baba, hili lichuma lako!" Kisha akasema, "Mtu unayejisifu mpaka kuku wanakimbia, umekuwa bubu tangu lini?" Akaongeza, "Mume wangu analala sakafuni." Akaketi juu ya tairi akalia bila sauti.

Nilikitazama kile chuma ninachozuilia mlango. Mimi situpi chuma. Ndicho kipande nilichokikata. Nikakisugua kwa mafuta ya taa: 4069. Sita imekaa vizuri, tumbo chini.

Nimekileta, pamoja na chuma cha sita. Afande ameniuliza kama najua kuwa kugonga namba bila kibali ni kosa, na kwamba nilimdanganya mkaguzi. Najua. Mwachieni mwalimu, nishikeni mimi. Ila iandikwe kwamba kile kiungo mkaguzi hakukiona.

Nimeyasema kwa hiari, nimesomewa, na hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Sahihi ya shahidi: (amekataa kutia dole gumba, ameandika kwa mkono wake)

Maelezo ya askari: Nimepokea kipande cha chesisi na chuma kimoja cha kugongea namba. Nilipoandika 4069 kwenye daftari la vielelezo, shahidi aliomba aione. Aliifuata kwa kidole, tarakimu moja moja, kisha akaomba aitwe mtu mwingine aihakiki. Nimemruhusu aende nyumbani. Yuko kwenye benchi. Amesema ataondoka na mkwewe.