Ulisema Maji Tu

S.L.P. 417,
Bariadi,
Simiyu.
21 Julai, 2024

Mpendwa binti yangu Esteria,

Mwangaluka, ng'wana wane. Naandika asubuhi, jua halijawa kali, nimekaa barazani na begi lako liko miguuni pangu. Habari za huko Mafia? Josia mumeo hajambo? Na mjukuu wangu Elina, meno yamefika mangapi sasa? Sisi huku ni wazima. Bibi yako Nyanjige macho yanazidi kufifia, ila mdomo uko palepale. Mama yako mdogo Philomena amemaliza kuuza pamba yake. Mgongo unamsumbua kidogo, naye anasema ni wa kuinama shambani, si wa uzee. Nimemkubalia ili niendelee kupikiwa.

Najua umelisubiri begi hili wiki tatu. Kwanza nilikuambia mabasi yamejaa, halafu nikakuambia kondakta ninayemwamini amesafiri. Nilikudanganya, mwanangu. Tafadhali isome barua hii yote kabla hujatumia kitu chochote kilichomo humu, hasa kile kifaa cha kupumulia ambacho nimekifunga kitambaa chekundu. Usikitie mdomoni.

Kwenye simu ningeanza kukueleza, halafu ningeona aibu na kukata. Ndiyo maana nimetafuta karatasi.

Siku ile ulipotoka Lamadi, baada ya kuizamia mashine ya mtumbwi wa mjomba wako Paschal iliyoanguka ziwani mpaka ukaipata, vifaa vyako vilikuwa na tope la ziwa kila mahali. Kazini wakakuita ghafla, ukapanda gari la Mwanza kuwahi ndege, mimi nikabaki na begi. Pale stendi ulinishika mkono ukaniambia, "Baba mdogo, ni maji tu. Maji safi, kisha kivulini. Usiongeze kitu." Nikakujibu kwamba miaka ishirini na sita nimetunza mashine za kuchambua pamba, sasa begi moja litanishinda?

Bomba halikutoa maji wiki ile, kwa hiyo nilifuata ndoo sita kisimani kwa baiskeli. Nikaloweka kila kitu kwenye lile beseni kubwa la Philomena, nikamwaga, nikaweka maji mengine, mpaka yakabaki meupe. Miwani niliisuuza kwa vidole, bila brashi. Lile koti la kujaza hewa nililitia maji ndani nikalitikisa kama kibuyu cha maziwa, kisha nikalikamua kwa kupitia mpira wake. Ungeniona ungefurahi. Mpaka hapo nilikuwa mtu mwema.

Vazi lako la mpira nilipitisha mti mikononi mwake nikalitundika hapa barazani, kivulini. Alasiri bibi yako akapita akalisalimia, "Mwadila!" Kimya. Akarudia. Kimya. Akaja jikoni amekasirika kweli: "Bebe, wewe Nkinda, huyu mgeni wako amelelewa wapi? Hajibu salamu ya mkubwa!" Tulicheka hadi Philomena akashika mgongo. Bibi hajatusamehe bado.

Kilichobaki kilikuwa kile kifaa cha kupumulia. Nilikikausha kwa kitambaa, nikakitazama sana. Hicho ndicho kinachomleta mtoto wangu juu akiwa hai, nikajiambia. Nikataka kujua unasikiaje huko chini, nikakitia mdomoni nikavuta. Hakikutoa hewa hata kidogo. Nikavuta tena kwa nguvu, hakuna kitu. Niliogopa, Esteria. Nikaona kimekauka, kimekwama, na wewe utakwenda nacho baharini. Basi nikachukua mafuta ya cherehani ya Philomena nikatia matone kwenye kile kitufe cha mbele, na mengine pale mpira unapoungana na chuma. Nikalala nimetulia.

Kesho yake nilipeleka begi kwa Constantine, yule fundi wa kuchomelea karibu na soko, anirekebishie pete ya mkanda iliyolegea. Nikamsimulia kwa majivuno jinsi nilivyokitengeneza kifaa chako. Akaacha kazi yake, akavua miwani. "Mzee, umetia mafuta kwenye kitu cha hewa ya kubana? Mimi hapa kijana akigusa kichwa cha mtungi wa oksijeni na mkono wenye mafuta, namfukuza siku hiyohiyo." Akanieleza kwamba mafuta hayapatani na hewa iliyobanwa, kwamba yanaharibu vile vipira vya ndani, na kwamba wewe ungeyavuta mpaka kifuani. Nikamwambia lakini kilikuwa hakitoi hewa. Akaniuliza, "Mtungi ulikuwepo?" Mtungi uliurudisha Mwanza ulikouazima. Kingetoa hewa gani?

Nilitaka kukiosha upya kwa sabuni. Constantine akanizuia, akasema hapo nitakuwa nimeongeza kosa juu ya kosa. Kwa hiyo sijakigusa tena.

Nimekaa na jambo hili siku nyingi. Tangu kaka yangu Ndaki alipofariki ukiwa na miaka tisa, ndivyo nilivyokulea. Ukisema inatosha, mimi naongeza. Nilikujazia fomu ya uuguzi bila kukuuliza. Ulipokwenda kujifunza kuzamia nilikataa hata kukusindikiza stendi, kwa sababu niliamini maji yatakuua. Kumbe ni mimi niliyekaribia kukuua, nikiwa hapa nchi kavu, na kwa nia njema. Nisamehe, mwanangu. Na mashine ile ya Paschal ulipoipandisha, nilijivuna sana pale ufukweni. Nilipaswa kukuambia palepale.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Mpe kifaa hiki fundi wenu akifungue chote, na yeye mwenyewe anipigie simu aniambie kama kimepona au ni cha kutupa. Wewe sikuamini katika hili. Ulipokuwa na miaka kumi nilikunyoa vibaya, ukaenda shule wiki nzima umefunga kitambaa kichwani, na bado ukaniambia nimekupendezesha. Safari hii utaniambia haina neno, halafu utazama nacho ili nisijisikie vibaya. Mpaka fundi anipigie, simu haitoki mfukoni mwangu.

Msalimie Josia, mbusu Elina kwa niaba ya bibi zake wote wawili. Paschal naye anakusalimu, mashine inanguruma vizuri. Mungu akulinde kila ushukapo, na akupandishe salama kila mara.

Ni mimi baba yako mdogo akupendaye,
Nkinda

N.B. Kitambaa chekundu usikitupe. Philomena amekitoa sandukuni mwake. Ndicho kile ulichofunga shuleni.