Mbili Niliyokupa, Wakesho

Wakesho mwanangu,

Natumaini u mzima huko Mwatate kwa shangazi yako. Mimi bado niko hapa Sagalla, nafundisha darasa lile lile, na kuna jambo lako limenikaa kooni.

Unakumbuka muhula wa mwisho wa gredi ya tisa? Mkonge uliukwangua mwenyewe, ukausokota pajani mpaka ngozi ikawa nyekundu, ukaniletea kikapu cha mradi. Nikakuambia, "Wewe mtoto, hiki nitakiiba nikusanyie sadaka." Ukacheka ukifunika mdomo. Kwenye daftari langu nikaandika nne. Juu ya nne hakuna.

Ila daftari siku hizi si kitu. Alama lazima ziingie kwenye sistimu, na netiweki ya shule yetu unaijua, iko nyuma ya tangi la maji tu. Tunasimama pale watu wazima, simu juu, na mwalimu Mwadime anatupigia kelele: "Walimu wa tangi! Bwana ameshuka ama bado?" Asubuhi mahudhurio, mchana alama. Ukiacha nafasi moja tupu, haihifadhi. Inakutoa nje, unaanza upya.

Siku ya mwisho nilichoka. Nikawawekea nyote alama ya mbili ili ikubali kuhifadhi, nikijiambia nitarekebisha mmoja mmoja. Majina yamepangwa kwa alfabeti. Nilipomaliza kwa Mwakio, wa mwisho kabla ya W, netiweki ikapotea. Iliporudi kesho yake, sistimu ilikuwa imefungwa. Nyinyi watatu wa W mkabaki na mbili. Wenzako wawili, kusema kweli, ilikuwa haki yao. Wewe hapana.

Hilo ni la mashine na uchovu wangu. Lililo zito ni la siku ile ulipokuja ukasimama mlangoni pa ofisi ya walimu. "Mwalimu, kikapu changu kilikuwa na shida gani?" Wenzangu walikuwa wanasikiliza. Nikaona aibu kusema nilikwama. Nikasema, "Kililegea kwa chini. Siku nyingine kaza mkono."

Ukasema, "Asante, mwalimu." Asante!

Wiki iliyopita nilikutana na mama yako sokoni Voi. Akaniambia umekataa kusokota kabisa, unasema vidole vyako ni vya jembe. Halafu akanishika mkono: "Lakini usijali, mwalimu. Mtoto lazima aambiwe ukweli."

Nikaitikia, "Ni kweli, mama Wakesho." Nikadanganya mara ya pili, nyanya zikiwa mkononi.

Jumapili wengine walipoenda kwenye meza ya Bwana, mimi nilibaki kitini. Ningepokeaje?

Jana nilimwandikia mwalimu mkuu, nikampa na daftari aone. Anasema sistimu haifunguki tena kwa mwaka uliopita. Basi huko itabaki mbili. Mama yako nitamwambia mwenyewe Jumapili hii baada ya ibada, hata akina mama wa maombi wakisikia, wasikie. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ndiye uliyeniuliza.

Kikapu hakikulegea, Wakesho. Nilikipindua siku ile ulipokileta, nikakibonyeza chini kwa kidole gumba nikitafuta kasoro, sikupata hata moja. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Lakini mkonge haukukukosea chochote.

Mungu akulinde.

Ni mimi mwalimu wako, niliyekukosea.