Sifuri Niliyoirudisha

Mtaa wa Somanda,
Bariadi.
12 Agosti 2024

Dada yangu mpendwa Kija,

Mwangaluka, mayu. Pokea shikamoo yangu, na nyingine umfikishie shemeji Luhende. Habari za hapo Mwamapalala? Habari za ng'ombe? Pamba mmemaliza kuchuma, au bado mnahangaika na ile ya mwisho? Na lile goti lako lililokuwa linavimba limepoa? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mke wangu Goodness anasumbuliwa na mafua ya vumbi. Michembe ya viazi uliyotuma tumeila mpaka tukakung'uta mfuko, na watoto wanauliza shangazi atatuma lini mingine.

Utajiuliza imekuwaje nikuandikie barua wakati simu ninayo. Nimekupigia mara tatu wiki iliyopita, dada, na mara zote tatu nimeishia kuulizia mvua. Mvua gani mwezi wa nane, jamani! Simu inakatika, na mtu mwoga huikata mwenyewe halafu akasingizia mtandao. Najua pia kwamba atakayekusomea barua hii ni Flora, kwa sababu wewe ulibaki kulima na kuchunga ili mimi niende shule. Kwa hiyo Flora, mwanangu, popote utakapoona jina lako au langu, usiruke. Msomee mama yako kama ilivyo.

Barua hii inamhusu wifi yako Mektilda, na ile simu ya Flora ambayo haikulia. Mektilda hakuifunga simu ile. Nimeanza na hilo ili hata ukiichana barua katikati, hilo uwe umeshalisikia.

Unakumbuka mwezi wa pili nilivyomwita Flora aje Bariadi na vyeti vyake. Kulikuwa na chuo cha Uturuki kinatafuta wasichana wa kusomea uuguzi, masomo bure, chakula na malazi juu yao, na alama za Flora zilitosha na kubaki. Walisema wazi kwamba atakayechaguliwa atapigiwa simu ya usaili mwezi wa nne. Fomu nilijaza mimi mwenyewe kwenye kompyuta ya dukani. Unanijua nilivyo, dada. Ukutani nje nilikuwa nimeandika kwa rangi nyekundu TUNAJAZA FOMU ZA NDANI NA NJE YA NCHI, na ya nje ya nchi sikuwa nimewahi kujaza hata moja. Lakini siku ile nilivaa miwani, nikamwagizia Flora soda, nikabonyeza vile vitufe kama karani wa ubalozi. Jioni nikakupigia kwamba kazi imekwisha, msubiri simu tu.

Mkasubiri. Wewe ndiye uliyenisimulia kwamba hapo kwenu mtandao haukamati isipokuwa juu ya kile kichuguu karibu na josho, na kwamba Flora alihamia huko na mwavuli wako mweusi, simu mapajani, tangu asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi. Mwezi wa nne ukaisha, wa tano nao ukaingia. Ukanipigia unalia kwamba kuna binti wa Lagangabilili, mwenye alama za chini kuliko za Flora, ameshaitwa na anafunga sanduku. Nikakwambia subira huvuta heri. Loo, mdomo huu!

Mwezi wa sita jirani yangu Jabiri, muuza vitambaa, aliingia dukani kwangu amefura. Nilikuwa nimemchapia kadi za biashara mia mbili, awatumie jamaa zake wa Maskati wanaomletea mizigo. Ndugu yake huko alikuwa amepiga namba ya kwenye kadi siku nzima, haiiti hata kidogo. Jabiri aliiweka kadi mezani, akanionyesha kwa kidole. Akasema mtu aliye nje akipiga huku anaanza na alama ya kujumlisha, kisha mia mbili hamsini na tano, ambayo ndiyo nchi yetu, na ile sifuri ya mwanzo inaondoka. Ukiiacha hapo, simu haifiki kwa mtu yeyote. Akashangaa kwamba mimi mwenye steshenari silijui jambo ambalo hata wapiga debe wa stendi wanalijua. Nilicheka, dada. Nikamwambia ni kosa la mashine, nitamchapia nyingine.

Alipotoka nilifunga mlango mchana kweupe, nikaitafuta fomu ya Flora kwenye kompyuta. Ilikuwa vilevile: alama ya kujumlisha, mia mbili hamsini na tano, halafu sifuri, imenona kama yai. Nikafungua na ile barua pepe niliyomfungulia Flora, ambayo sikuwa nimeigusa tangu mwezi wa pili. Kulikuwa na ujumbe mmoja kutoka chuoni. Walikuwa wanampongeza. Walisema wamempigia siku nne mfululizo na namba haipatikani, wakaomba awasiliane nao kabla ya tarehe thelathini mwezi wa nne. Mimi nilikuwa nausoma tarehe kumi na tisa mwezi wa sita.

Siku ile ndiyo ningepaswa kupanda bodaboda nije kwenu. Sikuja. Nilisema nitakuja wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa na wiki ijayo yake. Nanyi wakati huo mlikuwa mmekwenda kwa mganga, naye akawaambia simu imefungwa na mkono wa mjane wa humo humo kwenye kaya. Mkakumbuka kwamba Mektilda alipita kichuguuni siku moja na mzigo wa kuni, akaishika ile simu ili aangalie saa.

Mwezi wa saba mkaniita kikaoni. Nilikuja na shati jeupe, nikapewa kiti cha mgeni. Mektilda alikaa chini kando ya ghala la mtama, anarudia neno moja tu, kwamba alitaka kujua saa. Shemeji Luhende, Mungu ambariki, alikuwa na shaka. Ni dada yake yule, na moyo ulikuwa unamkataa. Akanigeukia mimi, msomi wa ukoo, akaniuliza kama haiwezekani kwamba namba iliandikwa vibaya. Nami nikasema namba iko sawasawa. Nilikuwa najua, dada. Nilikuwa nimejua kwa wiki tatu nzima, na nikasema iko sawasawa.

Kesho yake Mektilda alifunga khanga zake na sufuria mbili, akaenda Maswa kwa binti yake. Yule ndiye aliyekushika mgongo usiku ule Flora anazaliwa, mkunga akiwa amekwama ng'ambo ya mto. Mficha maradhi kilio humuumbua. Juzi mtu wa Maswa aliyekuja kutoa kopi dukani kwangu amenieleza, bila kujua anamweleza nani, kwamba uvumi umemfuata hadi huko, na kwenye bomba la maji wanawake wanachukua ndoo zao na kuondoka akifika. Tangu juzi sijalala vizuri. Uvumi wa namna ile kwa mama mjane wa umri wake, hapa kwetu Usukumani, wewe unajua huishia kwenye mapanga. Naogopa, dada. Naogopa kweli.

Ningeweza kuishia hapa, ukadhani kosa langu ni kutojua na kisha kunyamaza. Lakini kuna jambo la siku ile ya fomu nimeliruka hapo juu. Flora, soma.

Nilipomaliza kuandika namba nilitoka nje kumpokea mteja, na niliporudi sifuri haikuwepo. Flora alikuwa ameifuta. Nikamuuliza nani amemruhusu kugusa mashine ya watu. Akapiga magoti pale pale kwenye saruji, kama ulivyomlea, akasema taratibu kwamba shuleni walifundishwa ikitangulia mia mbili hamsini na tano, sifuri hutolewa. Kwenye benchi kulikuwa na wateja wawili wanasikiliza. Niliona aibu, dada, mbele ya watu wawili ambao hadi leo majina yao siyajui. Nikapaza sauti kwamba sifuri ndicho kichwa cha namba, na ni ng'ombe gani anakatwa kichwa halafu akaendelea kutembea? Wale wakacheka sana. Nikairudisha sifuri kwa kidole changu hiki kinachoandika. Flora akasema ndiyo, mjomba. Hakulirudia tena neno lile, hata pale kikaoni, ambapo aliniangalia mara moja tu nami nikaangalia viatu vyangu.

Binti alijua, na mimi nilimnyamazisha ili nisichekwe. Aliyelipia ni yeye, na baada yake Mektilda.

Kwa hiyo nakuomba, dada. Jumapili waite watu walewale waliokaa kikaoni, wasomewe barua hii yote, pamoja na hapa. Ijumaa nitakwenda Maswa kwa Mektilda nimweleze mwenyewe, mbele ya binti yake na majirani wale wa bombani kama watakubali kunisikiliza. Akitaka kurudi nyumbani nitamleta. Asipotaka, simlaumu. Jumapili nitakuwa nje ya lango lenu, na nitakaa hapo hadi niitwe. Mkinitoza ng'ombe nitatoa, mkininyima kiti nitakaa chini kando ya ghala, pale pale alipokaa yeye. Msamaha sijauomba bado. Nitauomba nikikuona uso kwa uso, kama utanitazama.

Yale maandishi mekundu ya ukutani nimeyapaka chokaa.

Nisalimie wazee wote wa hapo, nisalimie na watoto, na yule ndama mwenye baka usoni mliyempa jina langu; mbadilishieni jina kama mnaona haya. Goodness anakusalimu, nimemsomea barua hii, naye amelia kwa ajili ya Mektilda, si kwa ajili yangu.

Ni mimi mdogo wako uliyemsomesha,

Joakim

N.B. Humo ndani ya bahasha kuna fomu mpya. Niliwaandikia wale wa chuo nikawaeleza kosa ni langu, wakajibu kwamba maombi ya mwakani yanapokelewa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, ila hawaahidi kitu. Nimejaza jina, tarehe ya kuzaliwa na shule. Nafasi ya namba ya simu nimeiacha wazi. Flora, mwanangu, hapo jaza wewe.